Kifua cha Mama na Bei ya Kitanda

Mwezi wa Julai, Wundanyi, ukungu hauondoki mlimani mpaka jua likaribie utosini. Mama yangu amepika kwa kuni katika baridi hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, ndani ya jiko lenye dirisha moja dogo ambalo hufungwa karibu mwaka mzima. Sigara hajawahi kuigusa. Kikohozi chake cha alfajiri tulikizoea kama tulivyomzoea jogoo wa jirani. Ndipo Julai ya 2025 makohozi yakageuka rangi yakawa ya kijani, hatua kumi za kwenda mlangoni zikamlazimu kupumzika mara mbili, na usiku wa tatu kaka yangu akanipigia simu kunieleza kwamba mama hawezi tena kutamka maneno matatu bila kukatwa na pumzi.

Tulimpeleka hospitali ya umma iliyo karibu, akatulia kidogo. Siku ya pili hofu ikatushinda. Wadi ilikuwa imejaa, oksijeni inatolewa kwa zamu, na kila jamaa aliyepiga simu alikuwa na jina la hospitali nzuri zaidi. Tukamhamishia hospitali ya binafsi Mombasa, safari ya karibu kilomita 200. Huko walidai dipositi kabla ya kitanda. Akakaa siku saba, nne kati yake katika chumba cha wagonjwa mahututi. Bili ilipita shilingi laki tatu. Tuliilipa kwa mchango wa WhatsApp, kwa mkopo wa sako wa dada yangu, na kwa ng'ombe mmoja aliyekuwa na mimba.

Mama alipona. Mimi nikabaki na bahasha ya risiti na swali ambalo halikunipa usingizi: katika fedha zile zote, zipi ndizo zilizomponya? Nilimwomba daktari mmoja wa mapafu, na baadaye mfamasia, waisome bili ile pamoja nami mstari kwa mstari. Jibu lao lilinishangaza. Dawa zilizomtoa mama hatarini zilikuwa sehemu ndogo sana ya bili. Kilichotumaliza ni kitanda, na aina ya kitanda alicholalia ilitokana na mambo tuliyoyafanya, au tuliyoacha kuyafanya, kabla hata ya gari kuondoka nyumbani.

Karatasi yake ya kuruhusiwa iliandikwa COPD. Ni ugonjwa sugu wa mapafu ambapo njia za hewa huziba taratibu na hazifunguki tena kikamilifu. Kwetu watu huuita pumu ya uzee, au kifua tu, na kwa kuwa hauna jina la kutisha hatuuhesabu. Shirika la Afya Duniani huuhesabu: mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5, ukawa wa nne kati ya visababishi vyote vya vifo duniani. Sigara ndiyo hulaumiwa kwanza, na kwa haki. Lakini katika nchi zetu moshi wa kuni na makaa, vumbi la kazini na makovu ya kifua kikuu vina sehemu kubwa. Mgonjwa huishi nao miaka, kisha siku moja mafua au moshi humtibua, njia za hewa huvimba, kifua hubana kupita kawaida yake. Kutibuka huko ndiko kunakojaza vitanda.

Kitanda kina bei

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya taifa, NHIF, kuna viwango vilivyotangazwa ambavyo mamlaka hiyo huilipa hospitali kwa kila siku mgonjwa anapolazwa. Hospitali ya ngazi ya 4, kama zilivyo nyingi za kaunti ndogo, hulipwa shilingi 3,360 kwa siku. Ngazi ya 5 ni 3,920. Ngazi ya 6, yaani hospitali kuu za rufaa za kitaifa, ni 4,480. Chumba cha wagonjwa mahututi, ICU, ni 28,000 kwa siku. Hizi si bei za hospitali za binafsi, ambazo hujiwekea zake na kumwachia mwenye mgonjwa tofauti yote. Ila ni rula nzuri ya kupimia.

Pima nayo. Mgonjwa wa kifua aliyefika mapema, akalazwa siku tano ngazi ya 4, gharama yake kwa rula hiyo ni 16,800. Akilazwa siku hizo tano ngazi ya 6 ni 22,400. Kumbe tofauti kati ya hospitali ndogo na hospitali kubwa kabisa ya nchi, kwa wadi ya kawaida, ni shilingi 5,600 kwa siku tano. Sasa mchukue yule aliyechelewa: siku nne ICU na siku tatu katika wadi ya ngazi ya 5. Hapo ni 112,000 jumlisha 11,760, jumla 123,760. Siku nne za chumba kile peke yake zingemlaza mtu siku 33 katika wadi ya ngazi ya 4. Tulipokuwa tukibishana kwenye simu kuhusu hospitali ipi ni bora, swali lenye fedha ndani yake lilikuwa jingine kabisa: tufanye nini mama asifike ICU?

Na sisi tulikuwa tumesubiri siku tatu. Tulidhani ni baridi, itapita.

Mzazi si mtegemezi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili limewakuta watu wengi ninaowafahamu. Mimi nimeajiriwa. Kila mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda bima ya SHA. Niliamini, bila kuuliza, kwamba mama yangu yumo. Hayumo. Bima ile humkinga mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao. Mzazi ni kaya nyingine. Lazima awe na usajili wake na michango yake mwenyewe. Mama alikuwa na kadi ya zamani ya NHIF kwenye mkoba wake wa kanisani, ameifunga kwa kitambaa, na kadi ile haikuwa na kazi tena.

Kiwango cha chini kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima mapema baada ya kaya kujibu maswali ya kupima uwezo wake. Mwaka ni 3,600. Linganisha na siku moja ya kitanda cha ngazi ya 4, 3,360. Bima ya mwaka mzima ya mama yangu ilikuwa inalingana na siku moja na saa mbili hivi za wadini, na hatukuwa tumeilipa. Kwa asiyeweza kutoa mkupuo, serikali ilileta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, ambao hugawa deni katika vipande vidogo. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Ukishamsajili mzazi, hakikisha pia kwamba alama zake za vidole zinasomeka. Vidole vya mwanamke aliyelima na kupika miaka hamsini huwa vimelainika mistari, na hilo ni jambo la kutatuliwa siku ya kawaida, si saa nane usiku dirishani.

Kwa bima za kampuni binafsi, soma mistari midogo kwa makini. Nyingi huweka kipindi cha kungoja kwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga, na nyingi hazimpokei mwanachama mpya aliyepita umri fulani. Kwa mgonjwa wa kifua mwenye miaka sabini, mara nyingi mlango huo umeshafungwa.

Kuna pia jambo la kisheria ambalo kila familia iliyosimama mbele ya dirisha la dipositi inapaswa kulijua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu anayeshindwa kupumua ni dharura. Mwambieni hivyo mhudumu, kwa adabu na kwa uthabiti, kisha bili mzungumze mgonjwa akiwa na oksijeni puani. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia wagonjwa kwa sababu ya deni kulikiuka haki zao za kikatiba. Deni hubaki deni, lakini mwili wa mtu hauwekwi rehani.

Sindano au vidonge

Katika bili yetu sindano zilijaza kurasa mbili. Haidrokotisoni kila saa sita, seftriaksoni, aminofilini ndani ya dripu, pamoja na bomba la kila sindano, kanula, glavu na maji ya kuchanganyia dawa. Na nakiri tulifurahi kuziona. Sisi watu wa kawaida tunaamini sindano ina nguvu kuliko kidonge, na daktari asiyechoma sindano tunamwona hajatibu.

Kwa kifua kilichotibuka, imani hiyo ni ghali na haina msingi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitazama rekodi za wagonjwa karibu 80,000 waliolazwa kwa ugonjwa huu katika hospitali 414. Asilimia 92 kati yao walianzishiwa dawa za aina ya kotisoni kwa sindano, kwa dozi kubwa. Wale wachache waliopewa vidonge kwa dozi ndogo hawakupata matokeo mabaya zaidi, na walipolinganishwa na wenzao wa hali kama yao walikaa hospitalini muda mfupi na bili zao zikawa ndogo. Miaka mitatu baadaye hospitali tano za Uswisi zikajibu swali la siku ngapi. Wagonjwa 314 waligawanywa: wengine walimeza miligramu 40 za prednisoni kwa siku 5, wengine kwa siku 14. Waliotibuka tena ndani ya miezi sita hawakutofautiana. Tangu hapo miongozo ya kimataifa inasema siku tano zinatosha.

Prednisoloni, ndugu wa dawa hiyo anayepatikana kwetu, huuzwa vidonge vya miligramu 5. Miligramu 40 ni vidonge vinane kwa siku, arobaini kwa matibabu yote. Katika duka la dawa la mtaani hizo ni shilingi mia chache. Mgonjwa anayetapika au asiyeweza kumeza atahitaji sindano, hakuna ubishi. Lakini mama alikuwa akinywa uji asubuhi, huku anachomwa dawa ambayo angeimeza pamoja na uji huo.

Antibayotiki nazo si za kila mtu. Huhitajika hasa makohozi yanapoongezeka na kugeuka rangi kama ya usaha, au mgonjwa anapozidiwa hadi kuhitaji mashine. Mara nyingi amoksilini au doksisiklini za kumeza hufaa, kwa siku tano hivi. Aminofilini ya dripu ndiyo iliyonikera zaidi nilipoelezwa: miongozo ya sasa haiipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu faida yake ni ndogo na madhara yake, moyo kwenda mbio na kutapika, ni mengi. Tuliilipia mara sita.

Usiingie wadini kumfundisha daktari kazi. Uliza tu, kama mtu anayelipa: "Daktari, mama anameza vizuri. Je, dawa hii ipo ya vidonge?" Daktari mwema hachukii swali hilo. Wa kwetu, siku ya tano, alisema ndiyo na akabadilisha papo hapo.

Mashine ya mvuke na chupa ya plastiki

Mstari mwingine uliojirudia katika bili ulikuwa nebulaiza, mashine ile inayogeuza dawa kuwa mvuke. Hutozwa kila inapowashwa, na yetu iliwashwa mara nne hadi sita kwa siku. Dawa iliyomo ndani, salbutamoli, ni ileile iliyo katika inhela. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba inhela ikitumiwa kwa chombo cha kati, kile kinachoshika dawa ili mgonjwa aivute taratibu, hufungua kifua sawa na nebulaiza. Mashine ina nafasi yake kwa aliyechoka kiasi cha kushindwa kuvuta. Baada ya siku ya kwanza au ya pili, wengi hawaihitaji tena.

Chombo hicho dukani huuzwa ghali kuliko inhela yenyewe. Ndiyo maana napenda sana kazi ya Heather Zar na wenzake wa Cape Town, iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1999. Walichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, wakatoboa tundu kitakoni kwa chuma cha moto kilichochongwa kwa umbo la mdomo wa inhela, wakaziba ukingo usivuje. Mgonjwa huvutia kwenye mdomo wa chupa. Waliijaribu kwa watoto wenye pumu, na chupa ile ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua. Ya mama yangu tulitengenezewa na sista wa zahanati kwa dakika kumi, kutokana na chupa ya maji niliyokuwa nimekunywa njiani. Bonyeza mara moja, vuta pumzi tano za taratibu, pumzika, rudia. Bila chombo, wazee wengi hunyunyiza dawa ulimini na kuimeza, kisha husema inhela haifanyi kazi.

Oksijeni kidogo, barakoa badala ya mpira

Tulipofika Mombasa mama alifungwa barakoa ya oksijeni, ikafunguliwa hadi mwisho. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikapanda hadi asilimia 99 nasi tukashangilia. Baada ya saa chache akaanza kusinzia, akashindwa kunitambua. Hewa chafu ilikuwa imejaa katika damu yake. Ndipo akapelekwa ICU.

Sina ushahidi kwamba oksijeni ile ndiyo iliyomfikisha huko. Alikuwa amechoka tayari. Najua tu kinachofahamika. Mgonjwa mwenye kifua sugu cha aina hii hutakiwa kuwekwa kati ya asilimia 88 na 92, hapandishwi hadi 99. Katika utafiti wa Tasmania, Australia, uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 405 waliochukuliwa na gari la wagonjwa wakiwa wamebanwa waliwekwa katika makundi mawili: oksijeni nyingi kwa wote, au oksijeni iliyopimwa ibaki katika kiwango hicho. Waliokufa walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na 4 katika la pili. Oksijeni iliyopimwa huokoa gesi pia, na gesi hutozwa. Ni nadra kukuta tiba iliyo bora ndiyo iliyo nafuu, na hapa ndipo mojawapo ilipo. Hivyo mwambie kila anayempokea mgonjwa wako, kuanzia dereva wa gari la wagonjwa: huyu ana COPD, tafadhali mpime asizidi 92.

Hewa chafu inapojaa kuna njia mbili za kumsaidia mtu apumue. Ya kwanza ni barakoa inayobana uso na mashine ndogo inayosukuma hewa kila anapovuta. Madaktari huiita BiPAP. Ya pili ni kumlaza usingizi, kumpitishia mpira kooni na kumwachia mashine kubwa impumulie, kazi ambayo haifanyiki nje ya ICU. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walionyesha, katika hospitali 14, kwamba barakoa ile inaweza kutumika katika wadi ya kawaida yenye wauguzi waliofundishwa. Vifo hospitalini vilishuka kutoka asilimia 20 hadi 10, na hesabu zilizofuata zilionyesha kuwa hospitali iliokoa fedha pia kwa sababu wachache zaidi walihitaji ICU.

Kwa hiyo, ningekuwa na simu moja tu ya kupiga usiku ule kabla ya kumhamisha mama, nisingeuliza chumba cha faragha kina kitanda cha namna gani. Ningeuliza: mna BiPAP, na leo usiku yupo mtu anayejua kuiendesha? Kama hospitali ya umma ya karibu inayo, baki hapo. Kama hospitali ya binafsi iliyo mbali haina, marumaru zake hazitamsaidia mgonjwa kupumua.

Baada ya kuruhusiwa

Mama alirudi nyumbani akiwa dhaifu, na tukaambiwa huenda akahitaji oksijeni ya kudumu. Tulikuwa karibu kununua mashine siku hiyohiyo. Nashukuru mfamasia alituzuia. Uamuzi huo hufanywa wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ametulia, kwa sababu kipimo cha wengi hupanda chenyewe. Oksijeni ya nyumbani huongeza umri wa yule ambaye hata akiwa ametulia kipimo chake ni 88 kwenda chini, na akiitumia angalau saa 15 kwa siku. Mama alipopimwa tena alikuwa 93. Hakuhitaji.

Kwa anayehitaji, fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Kwa mwendo wa lita 2 kwa dakika, saa 15 humaliza lita 1,800. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 hautafika siku nne, na kila ukiisha unalipa gesi, kodi ya mtungi na usafiri. Mashine ya kutengeneza oksijeni kutoka hewani, ya lita 5, hula umeme wa wati 350 hivi. Kwa saa 15 ni yuniti 5.25. Ukichukua shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi na ada, ni karibu 160 kwa siku, kama 4,700 kwa mwezi. Mashine ni ghali kuinunua, lakini kwa matumizi ya miezi mingi huushinda mtungi kwa mbali. Mtungi mdogo ubaki wa akiba, kwa maana stima hupotea. Na oksijeni haikai chumba kimoja na moto: si mafiga, si koroboi, si sigara ya mgeni.

Inhela ndizo zinazowashinda wengi. Ile ya salbutamoli, ya kufungua kifua haraka, ni shilingi mia chache. Zile za kila siku zinazozuia kifua kisitibuke, zenye formoteroli na budesonidi, au tiotropiamu, huanzia elfu moja na ushee na kupanda hadi elfu kadhaa kwa mwezi. Familia nyingi hununua ya kwanza na kuiacha ya pili. Sisi tulikuwa hivyo. Tuseme ya kila siku ni 2,000 kwa mwezi. Mwaka ni 24,000, na kweli zinauma. Ila fedha hizo ni siku saba za wadi ya ngazi ya 4, na hazifiki siku moja ya ICU. Nchini Marekani, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wanaolazwa kwa ugonjwa huu hurudi wadini ndani ya siku 30. Mruhusiwa asiyekuwa na inhela ya kuzuia, asiyejua kuitumia, anayerudi kwenye jiko lilelile la moshi, atakuwaje asirudi?

Jiko tulilibadilisha. Mtungi wa gesi wa kilo 6, dirisha la pili, na kuni zikabaki kwa githeri ya Jumapili, zikiwashwa nje. Mama alilalamika mwezi mzima kwamba chai ya gesi haina ladha. Tulimpima pia makohozi kuhakikisha si kifua kikuu, ambacho vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma.

Na tuliomba karatasi moja, ambayo sasa imebandikwa ukutani karibu na kalenda. Daktari aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Makohozi yakigeuka rangi na pumzi ikipungua kwa siku mbili, piga simu hii, na ukiambiwa, anza vidonge vilivyoko kabatini. Midomo ikiwa ya buluu, au ukishindwa kumaliza sentensi, au ukisinzia mchana bila sababu, au kipimo kikishuka chini ya 88, usingoje asubuhi. Alisisitiza kwamba vidonge vile si vya kujianzishia kila unapokohoa, maana prednisoloni ya mara kwa mara hupandisha sukari na kula mifupa.

Novemba, mvua za vuli zilipoanza, mama alitibuka tena. Kaka alipiga simu siku ya pili, si ya tatu. Daktari wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akampima akakuta 90, akasema ameze vidonge, apulize kwa chupa yake kila baada ya saa nne, na arudi kesho. Alirudi kesho yake kwa bodaboda ileile. Matumizi yote yalikuwa prednisoloni, doksisiklini, na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili. Nilipiga simu asubuhi ya siku ya sita, nikiwa na maswali yangu yote. Hakunipa nafasi ya kuyauliza. Alizungumza kwa dakika nzima bila kukata pumzi, akitaka kujua kwa nini sauti yangu inaonekana ya mtu ambaye hajala.